Senene wa Bukoba na uyoga wa Waitaliano

Nilipotea kidogo, ila si ugonjwa wala uvivu. Nilivuka ng'ambo ya ziwa kwenda Bukoba kula senene.

Chanzo cha safari ni picha. Rafiki niliyesoma naye chuo yuko Italia kimasomo, akanitumia picha za San Miniato, mji wa enzi za kati uliojengwa juu ya kilima, kati ya Firenze na Pisa. Kuna mnara, vichochoro, na watu wamejazana wakinusa uyoga! Wenyewe wanauita tartufo. Unaota chini ya ardhi kwenye mizizi ya miti kama mwaloni (mti jamani, siyo Mwaloni yetu ya Kirumba yenye dagaa), na anayeutafuta ni mbwa kwa pua yake. Kila Novemba wanaufanyia maonyesho. Mwaka 1954 ulipatikana mmoja wa kilo 2 na nusu hivi, ukapelekwa zawadi kwa Rais Eisenhower wa Marekani. Mwaka 2021 UNESCO ikauingiza utafutaji wa uyoga huo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni. Jamaa akamalizia kwa dharau: "Ninyi huko Novemba mna nini?"

Nikamjibu ngoja.

Siku hizi safari ni nyepesi. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli linatuvusha Kigongo hadi Busisi kwa dakika chache, pale tulipokuwa tunasubiri kivuko hadi chai inapoa. Sengerema, Geita, Muleba, halafu Bukoba yenyewe, mji uliokaa kati ya ziwa na vilima, kisiwa cha Musira kikiutazama kwa mbele. Kwa sisi tuliozoea mawe ya Mwanza, kijani cha migomba kinachosha macho kwa raha.

Usiku ndipo utamu ulipo. Pembeni ya mji vijana wamesimamisha mabati yanayong'aa, chini yake mapipa, juu yake taa kali za kuumiza macho. Senene hupenda mwanga. Wanakuja kama mvua ya mawe, wanagonga bati, wanateleza, wanatumbukia. Kuna anayechoma majani mabichi ili moshi uwalevye. Umeme ukikatika, kazi imekwisha, kila mtu anatazama giza na kusonya.

Asubuhi nilikaa uani na bibi wa mwenyeji wangu, tukinyonyoa mbawa na miguu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia na kunisogezea ungo papo hapo, hakuna cha mgeni. Wapo wa kijani, wa kahawia, na wachache wenye rangi ya zambarau. Haweki mafuta. Chumvi na moto mdogo tu, senene wanajikaanga kwa mafuta yao wenyewe hadi waanze kulia kwenye sufuria. Ladha yake? Mtu wa Kirumba nitasema ni dagaa aliyesomeshwa.

Katikati ya kunyonyoa bibi akasema neno lililonikaa. "Zamani tuliwaokota kwenye nyasi alfajiri, umande bado upo, wanawake na watoto. Hakuna aliyenunua. Sasa wenye taa wanawamaliza usiku, mimi naamka na kwenda sokoni na hela."

Nimelifikiria sana hilo. Siwalaumu vijana, maana gunia la senene ni ada ya shule ya mtu. Lakini chakula kilekile, mwezi uleule, kimehama kutoka ungo wa bibi kwenda kwenye pipa la mwenye mtaji. Na pamoja nacho yanahama maarifa: nyasi gani wanapenda, mvua gani inawaleta, lini uwaache. Hayo hayajaandikwa popote ndani ya nyumba ile. Yamo kichwani mwa mwanamke mmoja mzee.

Tusije tukajidanganya kwamba historia ni ya wenye minara ya mawe tu. Siku iliyofuata nilipanda Katuruka, kule Maruku, si mbali na mjini. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta hapo mabaki ya uyeyushaji chuma ya zaidi ya miaka 2,000. San Miniato ya zama za kati bado haijazaliwa, watu wa hapa tayari wanafukuta mivuo! Majirani zetu Waganda nao mwezi Novemba wanauita Musenene, na wana ukoo mzima wa Nsenene ambao kwao ni mwiko kumla mdudu huyo. Huo si utamaduni? Sisi tunawanunua kupitia dirisha la basi, tunatafuna, tunasahau. Na kazini nilipofungua kifurushi changu, wenzangu wawili waliziba pua. Haohao wangepiga picha na uyoga unaonuka wa Mwitaliano.

Waitaliano hawakungoja mtu awathaminie uyoga wao. Walianza wenyewe kuusimulia. Kwa hiyo Novemba ijayo narudi kwa bibi na daftari na kinasa sauti, kabla ya umande. Rafiki yangu wa Italia nimemtumia picha ya ungo. Hajajibu bado.

Wadau wenye bibi zenu, iwe Muleba, Ukerewe au Kahama: mmeshawauliza nini?