Kabla ya Kukwangua Kutu



Wapendwa waamini wa Litumbandyosi, pamoja nanyi nyote mnaotusoma kutoka mbali,

Juma hili ninapenda tutafakari juu ya magari ya kale na kazi ya kuyafufua. Yamkini wengine watauliza: Padre na magari ya kale wapi na wapi, tena huku kwetu ambako wakati wa masika hata pikipiki husukumwa kwa mikono? Naomba mnivumilie. Liko jambo mbele ya parokia yetu ambalo halina budi kuamuliwa kabla ya mwezi huu kwisha, nami sioni namna ya kulieleza vema bila kuanzia mbali kidogo.

Mwaka 1908 kiwanda cha Ford huko Detroit, Marekani, kilianza kutengeneza gari lililoitwa Model T. Lilipoachwa kutengenezwa mwaka 1927, yalikuwa yamekwisha kutoka magari zaidi ya milioni 15. Lilikuwa gari la mtu wa kawaida: injini ya silinda nne yenye ujazo wa lita 2.9, nguvu ya farasi 20, na mwendo wa juu wa kilometa 65 hadi 70 kwa saa. Dereva wa leo akikabidhiwa gari hilo hataweza kuliondoa uwanjani. Lina pedeli tatu, lakini hakuna hata moja ya mafuta. Mafuta huongezwa kwa kijiti kilicho chini ya usukani. Pedeli ya kushoto hubadilisha gia, ya kati hurudisha gari nyuma, na ya kulia ni breki. Kwa miaka mingi tangi la petroli lilikaa chini ya kiti, wala halikuwa na pampu. Petroli ilitelemka yenyewe hadi kwenye injini. Kwa sababu hiyo, penye mlima mkali na petroli ikiwa imepungua, injini ilikosa mafuta, na dereva hakuwa na njia ila kuligeuza gari na kuupanda mlima kinyumenyume.

Siku hizo vijana wa matajiri huko Marekani walijivunia magari ya mbio kama Mercer Raceabout na Stutz Bearcat: hayana milango wala paa, viti ni viwili tu vilivyoshushwa chini, na tangi liko nyuma ya migongo ya abiria. Kijana asiye na fedha aliyatamani kwa macho tu. Basi akanunua Ford iliyochoka, akang'oa bodi yote, akashusha viti, akalaza usukani, akafunga tangi la mviringo nyuma. Gari la namna hiyo liliitwa spidista, yaani gari la kasi. Zikazuka karakana za kuuza bodi na vipuri vya kazi hiyo. Hata Louis Chevrolet, ambaye jina lake liko juu ya magari yaliyoshindana na Ford, aliungana na ndugu yake Arthur kutengeneza silinda hedi za kuzipa nguvu zaidi injini za Ford, wakaziita Frontenac.

Magari hayakuchelewa kufika kwetu. Mwezi Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari, na tarehe 1 Mei 1909 akafika Swakopmund, katika nchi ambayo leo ni Namibia. Akawa mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari. Vitabu vinamtaja yeye. Waafrika walioliburuta gari hilo kwa kamba kwenye mito na matope hawatajwi majina. Baadaye, katika miaka ya 1920, huko Kenya, chesisi za magari ya Marekani zilivalishwa bodi za mbao zilizofanana na sanduku, zikajengwa huko huko, ili zibebe mizigo na wasafiri wa porini. Kwa hiyo chesisi ambayo kwa kijana wa Marekani ilikuwa chombo cha mbio, kwetu ilikuwa punda wa mizigo.

Nilipokuwa masomoni Nairobi nilimfahamu mzee mmoja Mgoa, fundi mstaafu, aliyekuwa hakosi Misa ya asubuhi. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na banda la mabati, na ndani ya banda fremu ya Ford Model T iliyookotwa shambani, ikiwa na mabaki ya bodi ya sanduku iliyoliwa na mchwa. Mpwa wake alitaka gari lifufuliwe haraka, lipelekwe kwenye Africa Concours d'Elegance, mashindano ya urembo wa magari yanayofanyika Nairobi tangu mwaka 1970. Kijana alikuwa amekwisha kupanga kila kitu: fremu ipigwe mchanga hadi ing'ae, matundu yazibwe kwa kuchomelea, rangi ipigwe, kazi iishe.

Mzee alikataa. Kwa majuma matatu hakushika spana. Alikaa na taa na daftari, akaichunguza fremu shubiri kwa shubiri, akaandika. Nilimkuta jioni moja akipitisha kidole kwenye chuma kama mtu asomaye maandishi ya vipofu.

"Anko, hizo ni kutu tu," mpwa wake alimwambia.

"Ni kutu, lakini iko juu ya kitu," akajibu. "Ukiikwangua kabla ya kuisoma, umechoma barua usiyoisoma."

Barua hiyo ilikuwa na habari ya ajabu. Nyuma, juu ya ekseli, palikuwa na matundu manne ambayo hayakuhusika na bodi ya sanduku, na alama za mikanda iliyowahi kushika tangi la mviringo. Chini ya usukani palikuwa na kabari ya chuma iliyoulaza kuliko ulivyotoka kiwandani. Maana yake ni kwamba, kabla ya kuwa punda wa mizigo, gari hilo lilikuwa spidista. Mtu mmoja alilivua nguo likimbie. Mwingine akalivika sanduku libebe. Sasa swali likawa zito: fundi alifufue gari lipi? Lile la kiwandani, lile la kasi, au lile la mizigo? Yote matatu ni kweli, na chesisi ni moja.

Mzee aliamua kurudisha spidista, kwa kuwa ndiyo iliyoacha ushahidi wa kutosha bila kubuni. Lakini matundu ya bodi ya sanduku aliyaacha wazi, hakuyaziba hata moja. Mpwa wake alilalamika kwamba waamuzi wa mashindano watawapunguzia alama. "Wapunguze," alisema mzee. Kisha akanigeukia: "Fadha, tundu si uchafu. Kuna mtu alilitoboa, na alikuwa na sababu yake."

Kazi yenyewe ilichukua zaidi ya mwaka. Spoku za magurudumu ya mbao zilichongwa upya moja moja, lakini zile zilizokuwa bado nzima zilibaki mahali pake. Beringi za injini hiyo ni za metali laini nyeupe ambayo huyeyushwa na kumiminwa, kisha hukwanguliwa polepole hadi ekseli ya injini izunguke bila kubana wala kulegea. Sumaku za kuzalisha umeme wa cheche, zilizofungwa kwenye flaiwili, zilikuwa zimelegea nguvu, ikabidi zitiwe nguvu upya. Siku ya kuiwasha, mzee alimwonyesha mpwa wake namna ya kushika hendeli: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiizunguke hendeli, kwa maana injini ikirudi nyuma kwa ghafla huvunja kidole au kifundo cha mkono. Kijana alizungusha mara tano. Ya sita injini ikakohoa, ikatetemesha banda zima, ikashika.

Wapendwa, nimelikumbuka gari hilo mara nyingi katika utume wangu. Tunaposema tunafufua kitu, mara nyingi tunachotamani ni kukifanya kionekane kama hakijawahi kuishi. Hata watu huwa tunawataka hivyo: mlevi aliyeacha pombe tunamtaka asahau kuwa alilewa, ndoa iliyopatanishwa tunaitaka isiwe na kovu. Lakini Injili ya Mtakatifu Yohane yasimulia kwamba Bwana mfufuka aliwatokea wanafunzi wake akiwa na alama za majeraha mikononi na ubavuni, naye Tomaso akamtambua kwa alama hizo hizo. Ufufuko haukuziba matundu.

Nchi yetu nayo inao mfano ambao kila Mtanzania angefaa kuufahamu. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma, waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi waliotumwa kuizamisha walizipaka kwanza injini zake grisi nene. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakakuta mitambo yake ingali inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mafundi wale walitii amri ya kuzamisha, lakini mikono yao ilikataa kuua. Aliyepaka grisi ile alikuwa akimfanyia kazi fundi ambaye hakumjua.

Sasa nifike kwenye jambo letu. Nyuma ya ghala la parokia iko fremu ya lori la zamani la wamisionari, ambalo wengi wenu mmelizoea kama mahali pa kuanikia mahindi. Wanunuzi wa chuma chakavu wamekuja mara mbili, wametaja bei kwa kilo, na bei hiyo inaweza kumalizia paa la darasa la chekechea lililoezuliwa na upepo mwaka jana. Watoto wetu wanasoma chini ya mwembe. Sitasimama hapa kusema kwamba chuma cha zamani ni bora kuliko mtoto anayenyeshewa. Paa lazima liezekwe.

Lakini majuma mawili yaliyopita nilimwomba mzee wetu aliyekuwa utingo wa lori hilo aje tulitazame pamoja. Macho yake yamefifia sana, hivyo alilitazama kwa mikono. Alipofika kwenye ubavu wa fremu akakuta pete nne za chuma zilizochomelewa. Vijana wa VIWAWA waliokuwapo walisema ni za kufungia mbuzi. Mzee akatikisa kichwa. Pete hizo, alisema, zilichomelewa kwa ajili ya machela, isitikisike barabarani, akina mama walioshindwa kujifungua walipopelekwa hospitali ya Peramiho. Alikaa kimya kitambo. Kisha akataja majina ya watu watatu waliozaliwa baada ya safari hizo. Mmoja wao alikuwa mamaye mmojawapo wa vijana waliosimama pale. Kijana yule hakusema neno; aliweka mkono wake juu ya pete akauacha hapo.

Pete nne hazizidi kilo mbili. Kwenye mizani ya mnunuzi hazina uzito wowote. Lakini zikiondoka bila mtu kuzisoma, hakuna fedha itakayozirudisha, na mzee wetu hatakuwa nasi siku zote.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa Halmashauri ya Walei. Bloku ya injini imepasuka, na sidhani kama lori hili litatembea tena. Tusijidanganye kwamba tunaweza kufanya kama yule fundi wa Nairobi. Hata hivyo, wakulima wa kahawa wa Mbinga mnajua kwamba mbuni mkongwe haung'olewi kwa pupa. Hukatwa, kisiki hubaki, nacho huchipua. Napendekeza tufanye vivyo hivyo. Vijana walifungue lori hili bolti kwa bolti wakiwa pamoja na mzee wetu, wakiandika anachosema kuhusu kila kipande. Kipande cha fremu chenye pete kikatwe kibaki parokiani. Yatakayobaki yauzwe, na watoto waezekewe. Mnunuzi amesema atarudi mwisho wa mwezi; anaweza kusubiri juma moja zaidi.

Halmashauri itaketi Dominika ijayo baada ya Misa ya pili. Kila kigango kitume mwakilishi, na ikiwezekana kije na mzee mmoja aliyewahi kupanda lori hilo. Vijana waje na madaftari, na brashi za waya waziache nyumbani kwanza.

Nawatakia nyote juma lenye baraka. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Paroko wenu