Siku Moja Tukifuata Radi Pembeni ya Kolwezi

Kongo yetu ni kati ya nchi zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani, na sisi wa Lualaba tunaijua mvua hiyo tangu mwezi wa 10 mpaka wa 4. Juma lililopita, kisha masomo ya asubuhi, tuliazima gari tukafuata mawingu, tuone watu wanajificha wapi.

Kapata jua lilikuwa kali bado, lakini wingu jeusi lilikwisha kusimama nyuma ya vilima vya udongo wa migodi. Umeme ukawaka, tukahesabu: ngurumo ikafika kwa sekunde 9. Kila sekunde 3 ni kilometa 1. Radi ilikuwa kilometa 3 tu. Na watoto wanne walikuwa chini ya mwembe! Tukawaingiza garini, tukafunga madirisha, maana umeme hupita kwenye chuma cha nje na kushuka udongoni. Ukipiga mti, humrukia aliye karibu na shina.

Luilu mvua ilitutangulia. Barabara nyekundu ilikuwa mto. Jioni, kwenye njia ya Nzilo, tukamkuta mama akilinda magunia ya makala, amelowa. "Mama mwalimu, nikikimbia, nani atanilipa makala yakilowana?"

Swali lake tunalileta kwenye likelemba yetu: tununue bashi za kufunika mizigo, ili mama aweze kuiacha. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, tuingie nyumbani. Tusitoke mpaka dakika 30 zipite bila ngurumo.