Maumivu yaliyopungua nikilala

Ikiwa unasoma ukurasa huu watoto wakiwa wamekuzunguka, huenda ukataka kuuweka kando hadi walale. Lakini usiache kuusoma.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nairobi, na kazi yangu ni ya kusimama. Nilipokuwa na mimba ya mtoto wa pili niliona mishipa ya buluu imevimba kwenye midomo ya uke. Mkunga wa kliniki alinituliza, akasema hali hiyo huwapata wajawazito wengi, kwamba kwa kawaida huisha majuma machache baada ya kujifungua, na haimzuii mama kuzaa kwa njia ya kawaida. Ikawa vivyo hivyo. Lakini baada ya mtoto wa tatu haikuisha.

Isitoshe, palikuwa na uzito ndani ya nyonga kana kwamba nimebeba jiwe. Asubuhi nilikuwa mzima. Kufikia saa tisa alasiri nilikuwa nafundisha huku nimeegemea meza. Tendo la ndoa nalo likawa la kuogopwa, kwani maumivu yalinifuata hadi siku ya pili. Baba watoto hakulalamika, lakini alianza kuchelewa kurudi nyumbani, nami nikawaza mambo ambayo sitayaandika hapa.

Kwa miaka minne nilibisha milango ya madaktari. Nilipewa dawa za kuua viini mara tano, ingawa vipimo vya mkojo havikuonyesha kitu. Daktari mmoja aliniuliza kama nina ugomvi nyumbani. Mwingine alishauri kizazi kitolewe, kwa kuwa watoto watatu wanatosha. Nilikuwa na umri wa miaka 34. Nilikaribia kukubali.

Aliyeniokoa ni mama mkwe, ambaye ndiye niliyemwonea haya kuliko wote. Aliniona nikipika nimeketi, akaniuliza, "Mwanangu, ukilala yanapungua?" Nikamjibu, "Yanapungua, mama." Akasema, "Basi mwambie daktari hivyo hivyo."

Nilipomwambia hivyo daktari mwingine wa magonjwa ya wanawake, aliweka kalamu chini. Akanieleza kwamba damu kutoka kwenye ovari hupanda kuelekea moyoni kupitia vena zenye vali ndogo za kuizuia isirudi chini. Wakati wa mimba vena hizo hutanuka sana ili kubeba damu nyingi. Baada ya kuzaa mara kadhaa vali huweza kushindwa kufunga, hasa upande wa kushoto, na damu ikateremka na kutuama kwenye nyonga. Ndiyo maana unaposimama unaumia, na ukilala unapata nafuu. Uvimbe niliouona nje ulikuwa mwisho wa mto uliofurika kutoka juu. Ajabu ni kwamba ugonjwa huu si mgeni: daktari Howard Taylor wa Marekani aliuandikia mwaka wa 1949.

Basi kwa nini haukuonekana? Nilikuwa nimepigwa ultrasaundi mara tatu, zote nikiwa nimelala chali, vena zimejimwaga. Hata kamera ya kuingizwa tumboni huweza kuukosa, maana mgonjwa hulazwa kichwa kikiwa chini. Safari hii nilifanyiwa ultrasaundi ya Dopla, inayoonyesha damu inakoelekea, nikiwa nimesimama na kujikaza pumzi. Damu ilionekana ikirudi chini waziwazi. Mama, kipimo hicho ndicho cha kuomba.

Kutoka hapo nilitumwa kwa daktari wa intavenshoni radiolojia. Jina ni gumu, lakini liandike kwenye karatasi uende nalo. Huyu hutibu akiongozwa na picha, bila kupasua. Alipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa shingo, akaufikisha hadi kwenye vena mbovu na kuiziba kwa koili ndogo za madini na dawa. Nilikuwa macho, na jioni nilirudi nyumbani. Ripoti ya kwanza ya matibabu ya namna hii ilichapishwa mwaka wa 1993, kwa hiyo usikubali kuambiwa unafanyiwa majaribio.

Madaktari hawa ni wachache nchini, na utawapata zaidi katika hospitali kubwa za Nairobi. Anayetoka mashambani aje na barua ya rufaa, na aulize bima yake italipa nini kabla ya kupanda basi. Muulize daktari amekwisha kuwatibu wanawake wangapi wenye shida hii. Na akitaka kudunga sindano ile mishipa ya nje pekee, muulize kama ameichunguza ya ndani.

Sitakudanganya kwamba kila maumivu ya nyonga ni haya. Kuna endometriosisi, kuna uvimbe wa kizazi, na kuna wanawake wenye vena zilizotanuka wasioumwa hata kidogo. Hata mimi sikupona kwa siku moja. Maumivu yalizidi kwa juma zima, kisha yakaanza kupungua taratibu mwezi baada ya mwezi. Siku chache kabla ya hedhi bado nahisi kauzito kidogo.

Wakati ule mwalimu mkuu alikuwa amenipa kiti cha kukalia darasani. Bado kipo karibu na ubao. Watoto huweka mikoba yao juu yake.