Kikapu Tulichokificha Chini ya Kitanda



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema ya uhai na afya, twapenda kuwasimulia wasomaji wa jarida hili, hususan akina mama na mabinti, yaliyotupata sisi ndugu watatu wakati mama yetu alipolazwa hospitalini kwa siku 22. Twasimulia kwa sababu tulikosea, na kosa letu ni la aina ambayo familia nyingi za hapa kwetu pwani zaweza kulifanya kwa nia njema kabisa.

Mama yetu ana umri wa miaka 67, na ameishi na ugonjwa wa sukari kwa zaidi ya miaka 15. Maradhi haya yakikaa mwilini muda mrefu huweza kuziua hisia za nyayo kidogo kidogo, bila mwenyewe kujua. Ndivyo ilivyokuwa. Ukanda wa ndara mpya ulimkwaruza kidole kidogo cha mguu, naye hakuhisi maumivu yoyote. Tulipoiona alama ya damu kwenye mkeka wake wa kuswalia, kidonda kilikuwa na siku kadhaa na mguu ulikuwa umeanza kuvimba. Daktari alimlaza siku ile ile.

Tulielezwa mambo kwa uwazi. Mwili unapopambana na uvimbe na vijidudu hutoa homoni zinazoipandisha sukari, hata kwa mtu ambaye nyumbani vipimo vyake vilikuwa vya wastani. Kwa hiyo vidonge vyake vilisimamishwa, akaanzishiwa sindano za insulini asubuhi na jioni, kabla ya chakula. Kidonda kilihitaji kusafishwa katika chumba cha upasuaji, ila daktari alitaka sukari ishuke kwanza, kwa kuwa sukari ikiwa juu kidonda huchelewa kupona na vijidudu hustawi. Alisema angependa iwe baina ya 8 na 10. Siku ya kwanza mashine ilisoma 21.

Shida ilianza kwenye sahani. Mama hakukipenda chakula cha wodi, ugali na kabeji na maharagwe yaliyochemshwa. Alisema hakina ladha ya mkono wa mtu. Nasi tumelelewa tukijua kwamba anayempenda mgonjwa humlisha. Nyumbani kwetu ni Likoni, na kila alasiri tulivuka kwa feri tukiwa na kikapu: chupa ya chai ya maziwa yenye iliki na sukari, mahamri, bakuli ya mbaazi za nazi, na siku nyingine tambi za sukari kwa sababu ndizo azipendazo.

Siku ya kwanza tulimuuliza sista wa wodi kama twaweza kumpa. Alitujibu kwa upole kwamba chai isiwe na sukari, mahamri na tambi yaachwe kwa sasa, na chochote kitakacholiwa aambiwe yeye. Siku ya pili tulikifunika kikapu kwa leso na kukisukuma chini ya kitanda. Mama alikula akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu alazwe, nasi tukaona kwamba tumefanya jambo la kheri. Chakula cha hospitali alimpa msichana wa kitanda cha jirani, ambaye hakuwa na wa kumletea chochote. Sista alipoiona sahani tupu aliandika kwamba mgonjwa amekula.

Vipimo vya usiku na vya asubuhi vikawa 17, kisha 19, kisha 18. Kila asubuhi daktari aliitazama karatasi, akakunja uso, akaiongeza insulini ya jioni. Upasuaji ukaahirishwa mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Njiani tukirudi tulilalamika kwamba dawa haifanyi kazi, na mmoja wetu akathubutu kusema kwamba huenda madaktari wenyewe hawajui walifanyalo. Kikapu kilikuwa mapajani mwake alipoyasema hayo.

Siku ya 9 mvua ya masika ilinyesha tangu adhuhuri bila kupumua. Barabara zilijaa maji, foleni ya kivuko haikusogea, na magharibi ilitukuta bado tuko ng'ambo. Tulimpigia Mama simu tukamwambia asitungoje. Akasema hapana neno, atalala mapema. Hakutuambia kwamba sindano ya jioni amekwisha kudungwa, na kwamba sahani yake amekwisha kumpa yule msichana, akiwa na yakini kwamba kikapu chaja.

Saa tatu na nusu usiku msichana yule alimsikia Mama akizungumza maneno yasiyopangika, akimwita marehemu baba yetu kwa jina. Aliinuka akamgusa, akamkuta amelowa jasho, mwili ukitetemeka. Akapiga kelele. Sista alikuja mbio akampima: 2.6. Kipimo kikiwa chini ya 4 tayari ni hatari. Wakati huo Mama hakuweza tena kumeza salama, wakamtia maji ya sukari kwa mshipa. Haikupita robo saa akafumbua macho na kuuliza kama alfajiri imeingia.

Sisi tulipata habari kwa simu. Hatukulala. Tulikaa sebuleni kimya, kila mmoja akijua mwenzake anawaza nini, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutamka.

Asubuhi sista alitungoja kando ya kitanda. "Dada zangu, hebu nisaidieni," alisema. "Dozi hii mama yenu amepewa kwa siku tatu na haikumshusha. Jana imemshusha hadi kukaribia kufa. Jana kulikuwa na tofauti gani?"

Dada yetu mkubwa aliinama, akakivuta kikapu kitupu kilichokuwa kimesahauliwa chini ya kitanda tangu juzi yake, akakiweka juu. "Sista, tofauti ni kwamba jana hatukuja na hiki."

Alikitazama kwa muda. Tulitaraji kufokewa, na laiti angetufokea ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Kumbe siku zote hizi tulikuwa tukikitibu kikapu, si mgonjwa." Kisha akaeleza. Kila kikombe cha chai tulichokificha kiliandikwa kwenye karatasi ya vipimo kama ukaidi wa maradhi, na daktari akaujibu kwa insulini zaidi. Insulini ile ilipimwa kwa chakula chetu. Siku chakula hicho kilipokosekana, dawa haikuwa na cha kufanyia kazi ila sukari kidogo iliyobaki katika damu.

Mama alianza kulia. "Wasilaumiwe wanangu," alisema, "mimi ndiye niliyewaomba." Maneno hayo yalituuma kuliko yote. Huyu ndiye mwanamke aliyetufunza kwamba kusema kweli ni amana, na sisi tulikuwa tumemgeuza mshirika wa uongo, kitandani pa ugonjwa wake, siku saba mfululizo.

Daktari alipunguza dozi siku ile ile. Mtaalamu wa lishe aliketi nasi, na ajabu ni kwamba hakutukataza chakula cha nyumbani. Alitaka kijulikane. Tukakubaliana: samaki wa kuchoma, mboga, mbaazi kwa kiasi, chapati moja ndogo ya atta, chai ya iliki bila sukari. Kiliwe wakati wa chakula na si baina ya nyakati, na sista akione kabla ya Mama kukigusa. Baada ya siku tatu vipimo vilikuwa 9 na 10, na upasuaji ukafanyika. Kidole kidogo cha mguu hakikuokolewa. Hakuna daktari aliyetuambia kwamba kingeokoka lau kidonda kingesafishwa wiki moja kabla, wala hatukupata ujasiri wa kuuliza.

Wapenzi wasomaji, kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya nduguye, na hatusemi watu waende mikono mitupu. Twasema yule anayempima na kumdunga sindano mgonjwa wako apewe habari kamili. Mgonjwa wa sukari akilazwa, nenda na dawa zake zote katika pakiti zake, hata uwatu na habasoda alizokuwa akitumia nyumbani, uzionyeshe. Asipokula, liseme hilo kabla ya sindano kudungwa. Ukimwona anatoka jasho, anatetemeka au maneno yanamchanganyika, usingoje, mwite muuguzi. Nyumbani, mtu aliye macho na anayeweza kumeza hupewa vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari katika maji, hupimwa tena baada ya dakika 15, kisha hula chakula. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Mama yuko nyumbani sasa, Alhamdulillah. Kidonda kimefunga, na havai tena ndara za ukanda. Akimaliza kutawadha, mmoja wetu huketi mbele yake na kitambaa kikavu, akaifuta miguu yake na kukausha baina ya vidole, huku akitazama kama kuna mkwaruzo au wekundu. Mwanzo aliona haya. Siku hizi huunyoosha mguu mwenyewe na kusema, "Tazama vizuri, mwanangu, usinifiche kitu."

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa Waislamu wote, amlipe kheri msichana yule aliyeinuka usiku, na atusamehe. Amin.