Sheria ya Mrithi

Kabla ya kuanza mchezo wa vizazi kumi ndani ya The Sims 4, unachagua kwanza sheria ya urithi. Waliotengeneza mchezo hawakuiweka; ni kanuni walizojitungia wachezaji, zikaenea mtandaoni, na wengi wetu tunazishika kama katekisimu. Unaanza na kijana mmoja, kiwanja kikubwa kitupu na simoleoni 1,800. Kuandika motherlode, neno linalokumwagia simoleoni 50,000 papo hapo, ni marufuku. Halafu unajibu maswali. Mrithi awe mwanamume, mwanamke, au yeyote? Mzaliwa wa kwanza, wa mwisho, au atakayependwa zaidi nyumbani? Ukishajibu, hubadilishi hadi kizazi cha kumi.

Mimi nilichagua yeyote, mzaliwa wa kwanza. Nacheza usiku hapa Morogoro, tasnifu ya uzamili ikinichosha, na nimefika kizazi cha nne. Mrithi anachukua vyote: nyumba, fedha, picha za ukutani, hata makaburi ya bustanini. Wadogo zake, ambao wachezaji wanawaita vipuri, wakikua wanahamishwa. Mzee akifa, fedha za nyumba zinabaki pale pale. Hakuna kikao baada ya matanga, hakuna msimamizi wa mirathi, hakuna baba mdogo anayedai mpaka ulikuwa kwenye mti ule. Na kiwanja hakipungui hata hatua moja.

Kwetu Kitura, ardhi inapungua. Wamatengo walikaa milimani kwa ntambo, yaani mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili, ukoo mmoja juu yake. Kulikuwa na sengu, ambapo watu wa ukoo walikula pamoja na kujadili mambo yao mbele ya mzee mkuu. Kahawa ilianza kupandwa miaka ya 1920, na mbuni si zao la msimu mmoja. Aliyeupanda anataka kujua nani ataurithi. Ntambo ikagawanywa kwa watoto wa kiume, wao wakawagawia wa kwao, na waliokosa nafasi wakahama kutafuta milima mingine. Sehemu ya Baba leo unaivuka kabla wimbo haujaisha kwenye simu.

Penye mteremko kuna ngolo, mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki, ambayo yanazuia mvua isibebe udongo. Mwanamume anafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana. Kisha mwanamke anashika jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo. Ndivyo kazi ilivyogawanywa toka zamani. Maharage kwanza, mahindi yanafuata. Mama amechimba ngolo zile tangu alipoolewa.

Mwezi wa kwanza Baba alinipigia. Ameamua kugawa shamba angali na nguvu, asije akaacha ugomvi. Mibuni 1,200: nusu kwa kaka yangu, nusu kwa mdogo wangu wa kiume. Ngolo vilevile, nusu kwa nusu.

“Sasa, mama, wewe ndiye msomi wetu,” akasema. “Niandikie hiyo karatasi vizuri, kisheria, nikaisaini mbele ya mwenyekiti wa kijiji.”

“Na mimi, Baba?”

Hakukasirika. “Wewe tulikupa shule.”

Nimelizungusha jibu hilo kichwani kwa wiki nzima na siwezi kusema ni la dharau. Ada yangu ilitoka kwenye kahawa ile. Kaka aliishia kidato cha nne, na tangu hapo ndiye anayepogolea, anayepambana na chulebuni, anayemenya na kuanika vichanjani, na bei ikianguka inamwangukia yeye. Nikidai theluthi ya mibuni leo, nitakuwa nimekula mara mbili. Kwa lugha ya mchezo, mimi ni kipuri kilichotoka nyumbani na mkoba uliojaa.

Ila hesabu ya Baba ina mtu mmoja aliyerukwa. Mama hakupewa shule, wala mibuni. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba zinasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alikuwa na haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoachiwa na baba yake. Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Hayo yote yapo. Lakini karatasi ya Baba ingesainiwa kijijini, na mwandishi wake ni mimi.

Nikaandika. Mibuni niligawa kama alivyotaka, kaka na mdogo wangu. Ngolo sikuzigawa. Niliandika kwamba zibaki za Baba na Mama kwa pamoja, majina yote mawili yaingie kwenye hati ya hakimiliki ya kimila, na atakayebaki hai azishike mpaka mwisho wake. Baada ya hapo watoto wote tukae.

Kaka aliichapisha steshenari Mbinga mjini, akaisoma njiani, akapiga simu.

“Dada, ngolo umempa Mama. Mahindi nitalima wapi?”

“Utamwomba.”

Akanyamaza, kisha akacheka. “Atanipa. Ila atanisumbua.”

“Wewe una watoto wawili,” nikamwambia. “Shemeji naye anachimba ngolo za nani?”

Hapo hakucheka. Akasema atampelekea Baba karatasi, ila yeye hatasema neno.

Baba hajasaini. Anasema tutakaa wote mwezi wa saba, kahawa ikiwa vichanjani, na Mama awepo. Nilimuuliza Mama atakaa wapi siku hiyo, jikoni au kitini pamoja na sisi. Kabla hajajibu nilimsikia Mama pembeni ya simu akisema viti vipo.