Umeme wa Foklifti: Kumbukumbu za Fundi wa Maghalani

Hitilafu za umeme za foklifti za kisasa, ambazo ndizo zilizojaza miaka ya kazi ya fundi anayesimuliwa hapa katika maghala ya Dar es Salaam, ziko mafungu matatu: za betri, za nyaya na plagi, na za mawasiliano ya kompyuta.

Betri ilikuwa darasa lake la kwanza, akiwa bado msaidizi. Foklifti nyingi za umeme hubeba betri ya risasi na asidi ya volti 48, yenye seli 24 za volti 2. Chaji haifai kushuka chini ya asilimia 20. Maji huongezwa baada ya kuchaji. Yakijazwa kabla, asidi hupanda na kufurika. Asidi iliyomwagika huvujisha umeme hadi kwenye bodi ya foklifti, na mashine ikiuhisi uvujaji huo huweza kukataa kutembea.

Fungu la pili ndilo lililomsumbua zaidi. Sakafu mbovu hulegeza plagi, hewa ya chumvi hula pini, na maji ya kuoshea huingia kwenye swichi ya kiti. Swichi hiyo isipogusa, mashine huchukulia kwamba dereva ameshuka, ikakata mwendo. Mashine ikipelekwa karakana, kosa halionekani, lakini ikirudi ghalani inasimama tena. Ndipo alipozoea kupima upotevu wa volti mashine ikiwa na mzigo.

Fungu la tatu lilikuja na mashine mpya. Kompyuta zake huwasiliana kwa nyaya mbili za mfumo wa CAN, uliotangazwa na Bosch mwaka 1986. Kila mwisho wa nyaya hizo una rezista ya omu 120. Umeme ukizimwa, mita husoma takriban omu 60. Ikisoma 120, waya umekatika au rezista moja imekufa. Kipimo hicho kimeziepusha kompyuta nyingi nzima kubadilishwa bure, kwa kuwa namba ya hitilafu huonyesha dalili, si lazima chanzo.

Foklifti ikilala, malori hupanga foleni na vibarua wa kutwa hukosa ujira. Kwa hiyo fundi huyu anawasihi wanaoingia kazini: anzeni na betri, nyaya na plagi, mpime kila hatua, kompyuta iwe ya mwisho kubadilishwa.