Kumbe babu hakutoroka, alizama na meli ya wanajeshi

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Lakini utaifuataje asili ambayo hakuna aliyeiandika? Hili ni swali linalozikabili familia nyingi nchini, hasa zile zilizompeleka mtu vitani wakati wa Mwingereza.

Karibu Waafrika 98,000 kutoka Kenya waliingia jeshini katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, vilivyopiganwa kati ya 1939 na 1945. Ukambani, nitokako mimi, ni miongoni mwa sehemu zilizotoa vijana wengi. Hata hivyo, ukimwuliza mjukuu wa askari hao habari za babu yake, atakujibu kwa neno moja tu: "Alikuwa Keya." Yaani alikuwa King's African Rifles. Kikosi gani? Nambari gani? Alifika wapi? Hapo huwa kimya.

Kwetu, katika vilima vya Machakos, kimya hicho kilimuumiza mtu aliye hai.

Kaka mkubwa wa babu yangu aliingia jeshini mwaka wa 1942, akamwacha mke aliyemwoa karibuni. Alikuja likizo mara moja. Mwaka wa 1943 mkewe akajifungua mtoto wa kiume, na kila mwezi alikwenda bomani kupokea pesa zilizokatwa katika mshahara wa mumewe. Katika mwaka wa 1944 pesa hizo zilikoma. Ikiwa kulikuwa na barua ya kueleza sababu, barua hiyo haikumfikia.

Vita vilipokwisha, vijana wa kijijini walirudi na makoti yao mazito na mablanketi ya jeshi. Yeye hakurudi. Mmoja wa waliorudi akasema aliwahi kumwona Mombasa na mwanamke. Mwingine akasema aliteremka melini huko Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, akaoa na kusahau kwao. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na tangu siku hiyo akaitwa mtoro.

Msomaji, hebu fikiria maisha ya mama yule. Hakuwa mke wala mjane. Hakuruhusiwa kuomboleza kwa kuwa hapakuwa na maiti wala habari. Alifariki mwaka wa 1989 akiwa bado anangoja. Kwetu mtoto hupewa jina la mzee ili jina lisipotee, lakini hakuna mjukuu aliyepewa jina la mtoro. Na wakati wa kugawa shamba ulipofika, wazee walisema hawawezi kukata fungu la mtu asiyejulikana kama yu hai au amekufa. Mwanawe akapewa kipande cha mawe kwenye mteremko, apate mahali pa kujenga.

Mwana huyo ndiye ninayemwita baba mkubwa. Mwaka wa 2022 aliniita, akaniketisha chini ya mwembe wake na kusema, "Mwanangu, wewe kazi yako ni kutafuta habari za watu uziandike magazetini. Nitafutie za baba yangu kabla sijamfuata."

Nilianzia katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, pale Moi Avenue karibu na sanamu ya Tom Mboya. Humo mna ripoti za kila mwaka za wakuu wa wilaya wa enzi ya ukoloni. Ni hazina kubwa. Utasoma kuhusu mvua, njaa, kodi na vijana walioandikwa jeshini. Lakini ripoti hizo huhesabu watu bila ya kuwataja. Nilipata habari za wilaya yetu, sikupata za mtu wetu.

Hatua ya pili ilikuwa kwenye intaneti. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina tovuti iliyo na majina ya askari waliokufa katika vita vyote viwili vikuu, na kutafuta humo hakulipiwi hata senti. Baadhi yao wameandikiwa hata jina la baba na mahali walikotoka. Nilitafuta chini ya King's African Rifles kwa majuma kadhaa. Niliona majina mengi ya Kikamba, lakini lake halikuwamo.

Mlango ulifunguliwa na nyanya, dada mdogo wa marehemu, aliyekuwa amepita miaka 90. Nilimwuliza kama alikumbuka lolote la siku ile ya likizo. Akacheka. Akasema kaka yake alirudi akijigamba kwa Kiswahili cha jeshini kwamba kazi yake ni mizinga. Nyumbani Kiswahili kilikuwa cha kubahatisha, na mizinga waliyoifahamu ni ya nyuki. Sisi Wakamba ni wafugaji nyuki tangu jadi. Basi watoto walizoea kuchekeshana kwamba Mwingereza alimsafirisha ndugu yao mbali kote huko kwenda kurina asali.

Mzinga! Mtu huyu hakuwa Keya hata kidogo. Alikuwa askari wa mizinga ya kivita, katika jeshi la East African Artillery. Kwa miaka hii yote familia ilimtaja kwa jina la kikosi kisicho chake.

Nilirudi kwenye tovuti ile na kutafuta upya. Majina nayo yana vituko vyake, maana karani Mzungu aliandika alivyosikia. Mutua aweza kuwa Mtua au Mutwa, na jina la baba likageuzwa kuwa la mwana. Nikajaribu tahajia moja baada ya nyingine hadi nikampata. Lakini jina si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa majina hufanana. Ushahidi ulikuwa katika mkebe wa bati alioacha yule mama: kipande cha stakabadhi ya zile pesa za bomani, chenye nambari ya askari. Nilizisoma tarakimu hizo moja moja mbele ya baba mkubwa. Zilikuwa ndizo.

Tarehe ya kifo iliyoandikwa ni 12 Februari 1944.

Siku hiyo inajulikana sana na wanahistoria wa vita vya baharini. Meli ya SS Khedive Ismail ilikuwa imeng'oa nanga Mombasa mwanzoni mwa mwezi huo, ikielekea Colombo pamoja na meli nyingine nne za kusafirisha wanajeshi. Ndani yake mlikuwa na watu 1,511, wakiwemo wauguzi wa kike na askari wa Rejimenti ya 301 ya East African Artillery. Karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili tatu hivi. Manowari za Uingereza, Petard na Paladin, ziliiwinda nyambizi hiyo na hatimaye kuiangamiza, lakini kwanza zilirusha mabomu ya chini ya maji mahali palepale ambapo manusura walikuwa wakielea. Watu 1,297 walikufa. Waliookoka ni 214 tu.

Kwa kuwa hawana makaburi, askari wa Afrika Mashariki waliozama na meli hiyo wanakumbukwa kwenye mnara wa East Africa Memorial. Mnara huo hauko Colombo wala London. Uko Nairobi, ndani ya makaburi ya vita kwenye Barabara ya Ngong. Mimi hupita hapo kwa matatu.

Nilimpeleka baba mkubwa huko mwaka wa 2023. Alikuwa ametimiza miaka 80, naye alikuwa mchanga wa miezi michache baba yake alipozama. Tuliisoma orodha hadi tukalifikia jina. Alivua kofia, akaweka kidole juu ya herufi na kuzifuata polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma. Kisha akasema, "Mama alikuja Nairobi mara mbili, kuniona nilipokuwa kibarua viwandani. Kama angejua, angefika hapa."

Juma lililofuata wazee wa ukoo walikutana. Niliwaonyesha karatasi. Baba mkubwa hakudai shamba. Ardhi hiyo ilikwisha gawanywa na watu wamezikana humo. Alitaka jambo moja tu: neno "mtoro" lifutwe, na lifutwe hadharani na ukoo uleule uliolitamka. Mzee mmoja alinung'unika kwamba karatasi za Wazungu huweza kusema lolote. Ndipo nyanya akaamka kwa mkongojo wake na kuwasimulia habari za mizinga. Neno likafutwa.

Kwa wasomaji watakaotaka kufuata njia hii, haya ndiyo niliyoyaona kuwa na faida.

Kwanza, anza na wazee, na uanze leo. Usiwaulize tarehe, waulize alivaa nini, alisema nini, alileta nini. Kuna maneno ambayo kwao ni ya kuchekesha, lakini yatakuwa ufunguo mkononi mwako.

Pili, tafuta nambari ya jeshi. Fungua masanduku, mikebe na Biblia za zamani. Medali za Vita Vikuu vya Kwanza zilichorwa nambari na jina la mwenyewe ukingoni. Za Vita vya Pili alizotoa Mwingereza kwa kawaida hazina jina, lakini huonyesha alikotumika: kama ni Burma Star, alitumika katika kampeni ya Burma, nchi ambayo leo ni Myanmar.

Tatu, usiamini kila aliyeitwa Keya alikuwa Keya. Kulikuwa na askari wa mizinga, madereva, mafundi, wapishi na wapasishaji habari. Na usiamini tahajia yoyote.

Nne, wale ambao babu zao walikuwa wapagazi wa Vita vya Kwanza, wale wa Carrier Corps waliouachia mtaa wa Kariokor jina lake, wajitayarishe kwa kazi ngumu zaidi. Wengi wao hawakuandikwa popote kwa majina. Tume hiyohiyo ya makaburi ilikiri jambo hilo katika ripoti yake ya 2021, ikaomba radhi. Kwa hao, kumbukumbu ya nyumbani huenda ndiyo pekee iliyobaki.

Mwaka wa 2024 kitukuu wa marehemu alizaliwa katika hospitali moja hapa jijini. Simu ilipopigwa kijijini kuuliza mtoto aitwe nani, baba mkubwa hakungoja swali limalizike. Kwa mara ya kwanza tangu 1944, kuna mtu katika ukoo wetu anayeitwa kwa jina hilo, na akilia usiku mama yake hulitamka bila ya kuona haya.